Eka tano za nani? Kuandika habari za ardhi katika mji unaokua

BARUA

Assalamu alaikum wakubwa zangu wa safu ya ushauri,

Mimi ni mwandishi wa redio ya jamii hapa Unguja, mwaka wa pili kazini, nimepangiwa habari za ujenzi na ardhi Wilaya ya Magharibi B. Kuna kipande upande wa njia ya Fumba ambacho wanakijiji wanasema wamekilima tangu wakati wa babu zao. Sasa kimezungushiwa ukuta, katapila limeshasafisha ndani, na bango nje linatangaza viwanja.

Mzee mmoja ananambia ni eka tano, mwenzake anasema eka tatu, na kijana wa mauzo anasema hekta mbili na nusu. Wanakijiji wana karatasi ya kuandikwa kwa mkono yenye muhuri wa sheha aliyeshatoka. Upande wa pili wana karatasi iliyopigwa chapa, ina mihuri zaidi ya mmoja, lakini nilioneshwa kwa mbali tu, sikuruhusiwa kuishika. Nilikwenda ofisi moja ya umma nikaambiwa nilete barua. Nimepeleka, nikajibiwa kuwa barua yangu haina maswali yanayojibika. Mhariri anataka kipindi ndani ya siku tatu. Na juu ya hayo, yule kijana wa mauzo amenidokeza kuwa wanaweza kunifikiria kiwanja kwa "bei ya ndugu".

Nianzie wapi? Na nitamjuaje mkweli ni nani?

Mwandishi mchanga, Magharibi B

JIBU

Waalaikumu salamu mdogo wetu,

Swali lako la mwisho liweke kando kwanza. Inawezekana kabisa kuwa pande zote mbili zinasema kweli, kila mmoja kwa lile analolijua. Hapa kwetu ardhi, miti iliyo juu yake na ruhusa ya kuitumia vinaweza kuwa na wenyewe watatu tofauti katika kipande kimoja. Mwandishi anayeanza na "nani kamdhulumu nani" huishia kurusha hewani maneno ya aliyempata mwanzo. Anza na kipande chenyewe: kiko wapi hasa, kina ukubwa gani, ni ardhi ya aina gani, kimetoka mkononi mwa nani kwenda kwa nani, na kwa idhini ya nani. Ukishayajua hayo, madai ya watu utaweza kuyapima.

Tuanze na ukubwa, kwa sababu hapo umeshapewa majibu matatu. Eka moja ni mita za mraba 4,047. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, sawa na eka 2.47. Basi eka tatu ni kama mita za mraba 12,100, eka tano ni kama 20,200, na hekta mbili na nusu ni 25,000, ambazo zinapita eka sita. Jibu kubwa ni mara mbili ya jibu dogo. Hakuna hata moja la kwenda nalo hewani mpaka upime.

Chukua simu yenye GPS, tepu ya mita 50, daftari na mtu wa pili. Pita nje ya ukuta, na usiingie ndani bila ruhusa hata geti likiwa wazi. Kwenye kila kona simama dakika mbili hivi, sogea mbali kidogo na ukuta na mabati, kisha ndiyo uandike namba. Ukimaliza mzunguko, rudia kona zote mara ya pili. Simu nzuri kwenye uwanja wazi hukosea mita tatu hadi tano; chini ya miembe au ubavuni mwa ukuta mrefu hukosea zaidi. Ubavu mmoja ulionyooka upime kwa tepu, upate cha kulinganishia.

Kosa dogo hapa lina uzito. Kipande cha mraba cha eka tatu kina ubavu wa mita 110. Ukikosea mita tano kwa ubavu mmoja tu, umeongeza au umepunguza mita za mraba 550. Kwa hiyo redioni utasema "karibu eka tatu" au "kati ya eka nne na nusu na tano", na utaeleza kuwa ni vipimo vyako vya simu. Usiseme eka 3.02, simu haina uwezo wa kukupa tarakimu hiyo. Msikilizaji ambaye eka hazimwingii kichwani mwambie kuwa eka tano ni kama viwanja vitatu vya mpira, kasoro kidogo.

Unapozunguka, tafuta bikoni. Ni alama ya mpaka wa kipande kilichopimwa: nguzo fupi ya zege au chuma kilichozamishwa ndani ya zege, na huwa na namba. Piga picha mbili: moja ya karibu namba isomeke, nyingine ya mbali ioneshe bikoni iko upande gani wa ukuta. Ukuta uliojengwa mita kadhaa nje ya bikoni ni habari. Bikoni iliyong'olewa karibuni utaijua kwa shimo lenye udongo mbichi na makombo ya zege. Usiseme nani kaing'oa. Sema ilikuwepo wapi, ulikuta nini, tarehe gani.

Kuna kosa moja linalowavuruga waandishi wengi wanaopata ramani ya upimaji. Ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inasoma mfumo mwengine, WGS84. Ukizichukua namba za mfumo mmoja ukazitia kwenye mwingine bila kuzigeuza, kipande kinahama kama mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Kumbuka ubavu wa eka tatu ni mita 110. Hapo utakuwa umemwandika jirani wa tatu. Mfumo huwa umetajwa pembezoni mwa ramani, kwa maandishi madogo. Unguja na Pemba zote ziko kanda ya 37 Kusini ya UTM, yaani utaratibu wa kuandika mahali kwa mita badala ya digrii. Kwa eneo lako namba ya mashariki ina tarakimu sita na inaanza na 5, na ya kaskazini ina tarakimu saba na inaanza na 93. Ukiona vyengine, kuna mtu amekosea kunakili, au ramani si ya hapo. Muombe mpima ardhi mmoja asiyehusika na upande wowote akugeuzie namba; ni kazi ya dakika chache kwake.

Ukishapata ukubwa, lifanyie hesabu tangazo la viwanja. Tuseme kipande ni eka tano, na viwanja ni vya mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400. Ukigawa kavukavu unapata viwanja 50. Lakini lazima kuwe na njia za gari, mitaro na nafasi za wazi. Ukitoa robo tu kwa mambo hayo unabaki na viwanja 37 au 38. Kama bango linatangaza 50, muulize muuzaji gari la zimamoto litapita wapi na maji ya mvua yatakwenda wapi. Swali hilo linawahusu hata wanunuzi, ambao katika habari nyingi za aina hii huwa hawasikiki kabisa ingawa ndio watakaoishi hapo.

Sasa aina ya ardhi, na hapa usiwe na haraka.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar iliwekwa chini ya Serikali, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi Namba 12 ya 1992 inaitambua kuwa ni ardhi ya umma iliyo chini ya Rais. Anachopewa mtu ni haki ya matumizi. Haki hiyo inaweza kurithiwa na kuhaulishwa, yaani kuhamishiwa mtu mwengine, kwa masharti, na ni ya Mzanzibari. Mgeni hukodi. Kwa hiyo ukisikia kampuni ya nje "imenunua ardhi", uliza imepata nini: imekodishwa, kwa miaka mingapi, na nani, kwa masharti gani, na je, imeingia ubia na mwenye haki ya matumizi? Majibu hayo yana maana tofauti kwa mwanakijiji, na kwa mnunuzi wa nyumba pia.

Kisha uliza kama kipande ni cha zile zinazoitwa "eka tatu", kwa mgao wake, si kwa kipimo. Baada ya Mapinduzi mashamba yaligawiwa wananchi kwa vipande vya eka tatu kwa ajili ya kulima, na katika mgao ule wa awali mpewa hakuwa na ruhusa ya kuuza. Mji umekuja kuyakuta mashamba hayo. Sehemu kubwa ya makaazi ya wilaya za Magharibi imesimama juu ya eka tatu zilizokatwa viwanja kidogo kidogo, baba akauza, mtoto akauza, dalali akagawa tena. Kama ndivyo hapo, jina la mpewa wa kwanza ndilo la kulitafuta, halafu warithi wake wote, si yule mmoja aliyesaini. Kuuza kabla mirathi haijagawanywa ni chanzo kikubwa cha magomvi ya viwanja, na faili lake mara nyingi liko kwa Kadhi wakati wewe unalitafuta ofisi ya ardhi.

Lakini upande wa Fumba sehemu kubwa ni maweni, na hapo huenda ukakuta kuwa wanakijiji wanazungumzia uwanda. Uwanda ni ardhi ya mawe na vichaka inayotumiwa na kijiji kizima: mtu hufyeka, hulima misimu michache, huiacha ipumzike, mwengine hukata kuni au hulisha mbuzi. Anayesema "tumelima hapa tangu babu" anasema kweli, hata kama hajawahi kuwa na karatasi yenye jina lake. Ni tofauti na kiambo, palipojengwa nyumba na kupandwa miti ya kudumu, ambapo ukoo unajulikana. Muulize kila mdai, peke yake, mbali na wenzake: unadai ardhi, unadai miti uliyopanda, au unadai kuendelea kutumia? Miti kwetu inaweza kuwa na mwenyewe asiyekuwa mwenye ardhi, iwe minazi, miembe au mikarafuu, na sheria ya ardhi inalijua jambo hilo. Mwenzako wa Pemba anayefuatilia barabara inayopita kwenye mikarafuu atakutana nalo kila siku. Kama madai ni ya miti, orodhesha mti kwa mti: aina, unazaa au bado mchanga, ulikuwa wapi, nani aliupanda, nani aliuhesabu kabla haujakatwa. "Walikata miti yetu mingi" haimsaidii mtu yeyote, mdai wala mlipaji.

Usisahau wakfu. Kama kuna msikiti, makaburi au shamba linaloendeshwa kwa ajili ya msikiti karibu na mpaka, uliza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakfu hauuzwi kienyeji, na kipande kidogo cha wakfu kikimezwa ndani ya ukuta mkubwa huwa hakuna wa kulisema.

Tuje kwenye zile karatasi mbili. Ya sheha usiidharau wala usiitukuze. Sheha ni shahidi wa watu wake na mipaka yao. Kugawa ardhi si kazi yake. Karatasi yake ni ushahidi kwamba watu fulani walikubaliana jambo fulani mbele yake siku fulani. Isome mipaka: "mashariki kwa fulani, magharibi njia ya ng'ombe, kusini mbuyu." Halafu toka nayo uwanjani uone kama mbuyu upo na njia ipo. Waandike mashahidi waliotajwa, uwatafute walio hai. Mtembelee sheha aliyetoka na sheha wa sasa, kila mmoja kwa wakati wake, na ufike kwa heshima, kwanza salamu na kujitambulisha, si kumtolea kinasa sauti mlangoni.

Ile ya pili usiisemee mpaka uione kwa mkono na uipige picha kurasa zote, mbele na nyuma. Wakikataa, sema hewani kwamba waliionesha kwa mbali na hawakuruhusu isomwe. Ukiipata, linganisha mihuri na tarehe. Kamisheni ya Ardhi imeundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Karatasi ya mwaka 2009 yenye muhuri wa Kamisheni inahitaji maelezo. Wilaya ya Magharibi ilikuwa bado moja wakati wa sensa ya 2012. Karatasi ya kabla ya hapo inayotaja "Magharibi B" nayo inahitaji maelezo. Maelezo yanaweza kuwepo, kwa mfano nakala iliyotolewa upya baadae, kwa hiyo uliza kwanza na usitamke neno kughushi.

Halafu fuata mlolongo. Uhaulishaji wa ardhi, pamoja na ukodishaji wa muda mrefu, unatakiwa kupita kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, na idhini hiyo inatakiwa ipatikane kabla ya mauziano kukamilika. Omba tarehe ya idhini na namba yake, kisha uilinganishe na tarehe ya mkataba na siku katapila lilipoingia. Kama mradi umesajiliwa kama uwekezaji, kuna faili ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar. Kwa mazingira kuna ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar: je, ilifanyika tathmini ya athari za kimazingira, cheti kilitoka lini, na masharti yake ni yepi? Masharti ndiyo yenye habari, na ndiyo yasiyosomwa. Mwisho, kibali cha ujenzi: kimetolewa kwa ukuta tu, au kwa nyumba? Hatua hizi huwa zinapindana. Ukuta unatangulia, kibali kinafuata. Weka tarehe zote kwenye mstari mmoja wa daftari, moja chini ya nyengine. Kuna migogoro ambayo ukishapanga tarehe tu imeshajieleza.

Kwa lile dai la "tumelima miaka yote", picha za anga zitakusaidia. Programu ya Google Earth ya kompyuta ina picha za miaka iliyopita bila malipo. Bonyeza alama ya saa, rudi nyuma mwaka kwa mwaka, na uandike tarehe iliyo kwenye picha. Angalia vizuri, kwa sababu picha moja inaweza kuwa imeungwa kwa vipande vya tarehe mbili tofauti, na mshono unapita katikati ya shamba. Zanzibar pia ilipigwa picha za droni kuanzia 2016 katika mradi uliohusisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na nyengine zimewekwa wazi; hizo zinaonesha hadi paa na mti mmoja mmoja. Kwa mabadiliko ya karibuni kuna picha za setilaiti za Sentinel-2, inayopita kila baada ya siku tano hivi, na kila nukta ya picha ni mita 10 kwa 10. Nyumba moja kwenye picha hiyo ni nukta moja, haitambuliki. Lakini eka tano ni kama nukta 200, na kusafishwa kwake kunaonekana wazi. Wakati wa masika mawingu huziba. Chukua picha ya kabla na ya baada ya mvua, useme "kati ya tarehe hii na hii".

Jicho lako lizoee kutofautisha. Shamba la uwanda lililofyekwa na kuchomwa lina kingo zilizopinda, lina madoa meusi ya majivu, na miti michache imeachwa kati. Ardhi iliyosafishwa kwa katapila ina kingo zilizonyooka na inang'ara nyeupe, kwa sababu udongo mdogo uliokuwa juu umekwanguliwa na jiwe limebaki wazi. Ukiona madoa ya kulima yanahamahama ndani ya kipande hicho mwaka hadi mwaka, kisha weupe wa moja kwa moja, una ushahidi kwamba palilimwa. Hujapata ushahidi nani alilima. Hilo litatoka kwa watu. Droni yako mwenyewe usiirushe bila kibali.

Barua yako iliyokataliwa iandike upya. Kwanza, kama uliitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, iondoe. Ni sheria ya Tanzania Bara na afisa wa Unguja ana haki ya kukurudishia. Tumia kifungu cha 18 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, kinachohusu uhuru wa maoni na haki ya kupata habari. Pili, "naomba maelezo kuhusu mgogoro wa ardhi" haijibiki kweli. Kila swali liwe na jibu la ndiyo, hapana, tarehe au namba. Kwa mfano: "Je, kipande kilichopo kwenye mchoro niliouambatanisha kimepimwa na kusajiliwa? Kwa namba gani na mwaka gani? Je, Bodi ya Uhaulishaji imepokea ombi lolote linalokihusu tangu 2015? Je, kuna pingamizi iliyowasilishwa, na iko hatua gani?" Maswali manne au matano yanatosha. Ambatanisha mchoro wako na namba za kona, taja siku na saa unayohitaji jibu na siku kipindi kitakaporuka, peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo iliyogongwa muhuri itakufaa siku ofisi ikisema haikuulizwa.

Uliza pia kama shauri liko Mahkama ya Ardhi. Kama liko, chukua namba ya shauri, majina ya wadaawa kama yalivyoandikwa na tarehe ya kusikilizwa, na ripoti yanayosemwa mahkamani bila kutangulia hukumu. Majalada ya Baraza la Wawakilishi nayo yapekue. Mwakilishi wa jimbo huenda alishauliza swali la eneo hilo, na jibu la waziri liko kwenye kumbukumbu za kikao.

Kuhusu kiwanja cha bei ya ndugu: kataa leo, kwa maandishi mafupi, na umwambie mhariri wako. Usisubiri kipindi kiishe. Mwandishi aliyechukua kiwanja kwenye mradi anaouandika hawezi tena kuuandika, hata kama alilipa bei kamili na ana risiti, na watakaolipa gharama ya hilo ni wanakijiji waliokuamini. Vivyo hivyo nauli na chakula cha mchana siku ya kutembezwa mradi. Gari lao ukilazimika kulipanda kwa sababu hakuna njia nyengine, lisemwe hewani. Kama redio yako inapokea matangazo ya kampuni hiyo, mhariri alijue kabla na liamuliwe wazi, si wewe ulibebe peke yako. Na kama una ndugu mwenye shamba katika mgogoro huo, habari apewe mwenzako.

Siku tatu zinatosha kwa kipindi cha kwanza, hazitoshi kwa mgogoro mzima. Siku ya kwanza ni ya uwanjani na vipimo, na barua iwe imeshafika ofisini kabla ya adhuhuri. Siku ya pili ni ya karatasi, masheha na picha za anga. Siku ya tatu wapigie wote utakaowataja, uwasomee neno kwa neno unachokusudia kusema juu yao, na uandike saa uliyopiga na walichojibu. Kipindi hicho kieleze kilichothibitika: kipande kina ukubwa wa karibu kiasi hiki, kilikuwa na mashamba mpaka mwaka fulani, ukuta ulianza kati ya tarehe hizi, upande huu una karatasi hii, upande ule una ile, ofisi imeulizwa maswali haya. Maneno "mvamizi" na "tapeli" yabaki vinywani mwa waliosema au yasirushwe kabisa. Redio yako inasimamiwa na Tume ya Utangazaji, na kesi ya kashfa inaweza kuifunga stesheni ndogo kabla hata haijahukumiwa. Rekodi zote mbichi zihifadhi mahali pawili.

Kipindi cha pili kipe muda, kwa sababu hapo ndipo pana jambo kubwa kuliko eka tano. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya 2012 na watu 893,169 katika sensa ya 2022. Ni ongezeko la karibu watu 300,000 kwa miaka kumi, na sasa karibu nusu ya Wazanzibari wote 1,889,773 wanaishi mkoa huo mmoja. Watu hao lazima wapate pa kukaa, na kijana anayeweka akiba anunue kiwanja si adui wa mtu. Swali ni wanajengewa juu ya nini. Kwenye maweni jiwe lina nyufa na matundu. Uchafu wa karo hushuka moja kwa moja mpaka kwenye maji ya chini, yale yale yanayovutwa na visima. Muulize muuzaji makaro yatachimbwa kina gani na umbali gani kutoka kisima kilicho karibu. Iulize ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar, kama mtandao wake unafika na kwa maji ya kianzio kipi. Uliza mchanga wa ujenzi umechimbwa wapi na kwa kibali gani, maana shimo la mchanga la Kaskazini Unguja ni sehemu ya habari ya nyumba ya Magharibi. Nenda siku ya mvua kubwa ukapige picha maji yanakopita. Na kwa wanakijiji uliza walikuwa wakivuna nini hapo, magunia mangapi kwa msimu, na sasa wanakinunua wapi.

Shauri likitajwa mahkamani au Bodi ikijibu, tuandikie tena barua pamoja na nakala ya mchoro wako wa kona na orodha ya tarehe. Tukiviona hivyo tutaweza kukuambia ni faili gani la kulifuata baada ya hapo.